Picha ya radi jangwani: yashuhudia kweli gani?

Kuna picha moja ya radi ambayo imezunguka dunia kwa zaidi ya miaka arobaini. Imechapwa katika vitabu na magazeti, na siku hizi hata kijana wa kijijini aweza kuiona katika simu yake. Yaonyesha uwanda mkavu, mpana, wenye majani mafupi. Nguzo nyembamba za chuma zimesimama kwa mistari, moja nyuma ya nyingine, mpaka jicho linashindwa kuzifuata. Juu yake limetanda wingu zito, na toka wingu hilo radi yashuka hata chini, nyeupe kama mzizi wa mti uliong'olewa. Hakuna mtu, hakuna njia, hakuna moshi wa jiko.

Aliyepiga picha hiyo, pamoja na nyingine za namna ile ile, ni John Cliett. Aliipiga Marekani, katika jimbo la New Mexico, mahali panapoitwa The Lightning Field, ndiyo kusema Uwanja wa Radi. Mahali hapo si shamba, wala si kituo cha wataalamu wa hali ya hewa. Ni kazi ya sanaa, na aliyeibuni ni Walter De Maria.

Wengi wameisifu picha hii. Mimi pia naisifu, na nitaeleza sababu. Lakini kusifu peke yake si kazi ya mwenye kupima. Picha ni shahidi, na shahidi, hata akiwa mtu mwema, yafaa aulizwe kabla ya kuaminiwa: Ulisimama wapi? Ulitazama kwa muda gani? Uliacha kusema nini? Tuiulize picha hii maswali hayo matatu, moja moja.

Kitu chenyewe

Kabla ya kumwuliza shahidi, tujue habari anayoishuhudia.

Walter De Maria alizaliwa mwaka 1935 katika jimbo la California, akafa mwaka 2013. Alikuwa mmoja wa wale wasanii wa Marekani waliochoka kutengeneza vitu vya kuwekwa ndani ya nyumba za maonyesho, wakatoka nje kufanya kazi katika ardhi yenyewe. Kwa msaada wa shirika liitwalo Dia Art Foundation alipata mahali palipo mbali na miji, katika nyanda za juu upande wa magharibi wa New Mexico, karibu metri 2,200 juu ya bahari. Huko, mwaka 1977, yeye na wasaidizi wake walisimamisha nguzo 400 za chuma kisichoshika kutu.

Nguzo hizo zimepangwa kwa hesabu kali. Mstari wa upande mrefu una nguzo 25, na mstari wa upande mfupi una nguzo 16. Toka nguzo hata nguzo ni karibu metri 67. Hivyo upande mrefu wafika maili 1 kamili, na upande mfupi wafika kilometri 1 na metri chache. Unene wa kila nguzo ni sentimetri 5 tu, na ncha yake imechongwa kama ya mkuki. Urefu wake haulingani: iliyo fupi kuliko zote ina metri 4 na nusu hivi, na iliyo ndefu kuliko zote ina metri 8 na kidogo. Kwa nini? Kwa sababu ardhi yapanda na kushuka, naye De Maria alitaka ncha zote 400 zilingane huko juu kama uso wa ziwa lililotulia. Mwashi yeyote aliyepata kusawazisha msingi wa nyumba juu ya mteremko ataelewa kazi hiyo ilivyokuwa.

Tena, anayetaka kuuona Uwanja huu hapiti tu akachungulia na kuondoka. Wageni hupokewa toka mwezi wa tano hata mwezi wa kumi, wasiozidi 6 kwa mara moja. Huchukuliwa kwa gari, huachwa katika nyumba ndogo ya mbao kando ya nguzo, hulala huko, na kesho yake hurudishwa. Ndivyo alivyotaka mwenye kazi: mtu akae huko kwa muda wa saa 24 bila kupungua, peke yake au pamoja na wachache. Na kuna sheria moja ya kushangaza: mgeni haruhusiwi kupiga picha.

Basi sasa tumwite shahidi.

Ulisimama wapi?

Mpiga picha alisimama katika nchi kavu, na jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana.

Katika pande za kusini-magharibi ya Marekani, mvua za kiangazi huja hasa katika mwezi wa saba na wa nane, hata kuingia mwezi wa tisa. Upepo huleta unyevu toka baharini, upande wa kusini. Jua huichoma ardhi toka asubuhi. Hewa yenye joto hupanda. Na mchana mawingu marefu hujengwa juu ya milima. Lakini hewa iliyo karibu na nchi ni kavu sana. Kwa hiyo tumbo la wingu hukaa juu, na mara nyingi mvua itokayo humo hukauka njiani kabla ya kugusa udongo. Watu wa huko huona mapazia ya mvua yakining'inia angani pasipo kufika chini. Kati ya wingu na nchi hubaki nafasi tupu, na katika nafasi hiyo radi huonekana nzima, toka kichwa hata mguu, kwa mbali kilometri nyingi. Hakuna msitu wa kuificha. Ndiyo maana wapiga picha wa radi hulipenda jangwa.

Tulinganishe na kwetu. Toka mwaka 1998 hata 2013, chombo kilichokuwa ndani ya satelaiti moja kilihesabu mimuliko ya radi katika nchi za joto. Wataalamu walipoitangaza hesabu yao mwaka 2016, mahali pa kwanza duniani palikuwa ziwa Maracaibo, katika nchi ya Venezuela: mimuliko 233 kwa mwaka katika kila kilometri moja ya mraba. Mahali pa pili duniani, na pa kwanza katika Afrika yote, palikuwa Kabare, mashariki ya Kongo yetu: mimuliko 205. Kampene, Sake, Butembo na Boende nazo zimo katika majina kumi ya kwanza. New Mexico haimo.

Je, ni nani ameona katika kitabu picha ya radi ya Kampene? Zikiwapo, ni chache mno. Radi yetu huja pamoja na mvua nzito. Vilima na miti huificha. Na mwenye akili yumo ndani, amefunga mlango, amewakusanya watoto mbali na dirisha. Hivyo watu wengi wa dunia wamejifunza sura ya radi toka nchi ambayo haiongozi kwa wingi wa radi, ila ina nafasi ya kuitazama kwa mbali.

Hii si kosa la Cliett. Walakini jibu la shahidi tulishike: alisimama mbali, mahali pakavu, penye mwanzi mkubwa wa hewa kati yake na hatari. Katika picha yake radi haina mtu chini yake. Mwenye kuitazama huona uzuri kwanza, na hofu yaja baadaye, au haiji kamwe. Kwa mama wa Sake mambo ni kinyume.

Ulitazama kwa muda gani?

Swali la pili ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa picha hujifanya kuwa nukta moja ya wakati.

Radi moja, pamoja na mipigo yake inayofuatana katika njia ile ile, kwa kawaida haifiki hata nusu ya sekunde. Kila mpigo wenyewe ni mfupi zaidi, sehemu ndogo sana ya elfu ya sekunde. Mkono wa mtu hauwezi kuiwahi: akisema «ile pale», imekwisha. Basi, wapiga picha huikamataje? Usiku hufanya hivi. Huiweka kamera juu ya miguu mitatu isitikisike. Huielekeza upande wa mawingu. Kisha hukifungua kile kilango cha ndani kinachoruhusu nuru kuingia, nao hukiacha wazi, labda sekunde chache, labda dakika nzima au zaidi. Giza haliandiki kitu. Radi inapopiga, yajiandika yenyewe. Ikipiga ya pili katika muda ule ule, nayo huandikwa kando ya ile ya kwanza. Hata ya tatu, hata ya tano.

Sasa yafahamu matokeo yake. Ukiona picha ya usiku yenye radi tano zimesimama pamoja kama vidole vya mkono, usifikiri kwamba mtu aliyekuwa pale aliona vidole vitano kwa mara moja. Pengine aliona kimoja, akangoja gizani, akaona kingine. Kila mstari ni wa kweli. Mbingu haikusingiziwa. Lakini wakati umekunjwa kama nguo sandukuni, na picha haituambii ilikunjwa mara ngapi. Hata unene wa mstari hudanganya: njia ya radi ina upana wa sentimetri chache tu, ila moto wake wafika kama digrii 30,000, kupita mara tano joto la uso wa jua, na nuru hiyo kali humwagika katika filamu ikaufanya mstari uonekane mnene.

Hapo zamani picha ndiyo iliyosahihisha uongo wa jicho. William Jennings wa Philadelphia alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kuikamata radi katika picha, mwaka 1882. Mpaka siku zile wachoraji walikuwa wakiichora radi kama msumeno, yenye pembe kali za kwenda na kurudi, maana jicho halikuwa na muda wa kuipima. Picha za Jennings zilionyesha kitu kingine: radi yapinda kama mto, yatoa matawi, haina yale meno ya msumeno. Hii ilikuwa faida kubwa ya elimu. Kamera ilishuhudia kweli ambayo macho yote ya dunia hayakuweza kuishuhudia.

Basi katika muda wa miaka 100 hivi mambo yamegeuka. Picha iliyokuja kuwasahihisha wachoraji sasa yahitaji kusahihishwa yenyewe. Na usahihisho wake si mgumu: ni maneno machache chini ya picha, kusema kilango kilikaa wazi kwa muda gani. Nimezitazama picha nyingi za radi katika vitabu vya sanaa. Chini yake yapo jina la mwenye picha, mwaka na mahali, lakini muda haumo. Kwa picha ya mlima upungufu huo si kitu. Kwa picha ya radi ni sawasawa na kuandika barua bila kutaja siku.

Uliacha kusema nini?

Hapa De Maria mwenyewe atusaidia. Mwezi wa nne wa mwaka 1980, katika gazeti la sanaa liitwalo Artforum, alitoa picha za Cliett pamoja na maelezo yake mwenyewe juu ya Uwanja. Alieleza kwamba radi yaweza kuonekana toka mahali pale siku kama 60 kwa mwaka. Tufanye hesabu. Hata kama siku hizo zote zingeangukia katika ile miezi sita ya wageni, mgeni wa usiku mmoja angekuwa na siku moja katika tatu. Na «kuonekana» maana yake si kupiga nguzo. Maana yake ni kuonekana huko au huko, pengine nyuma ya milima. Kupiga nguzo zenyewe ni jambo la nadra.

Msanii alisema pia kwamba nuru ina maana katika kazi yake sawa na radi. Na kweli, mambo makubwa ya Uwanja ule ni ya nuru. Asubuhi na jioni, jua likiwa chini, nguzo hung'aa moja moja mpaka mstari wote umewaka. Saa za mchana, jua likiwa juu ya kichwa, nyingi katika nguzo zile karibu hazionekani kabisa. Mtu asimama katikati ya vyuma 400, naye haoni ila vichache vilivyo karibu. Kuuzunguka Uwanja wote kwa miguu huchukua kama saa mbili. Mtu aenda, ageuka, na mistari yafunguka na kufungwa mbele yake kadiri anavyotembea.

Haya yote picha yetu imeyaacha. Imeacha mchana ambapo nguzo hutoweka. Imeacha siku zisizo na wingu. Imeacha miguu iliyochoka, na kungoja, na kurudi nyumbani bila kuona radi hata moja. Tena jina lenyewe la mahali laisaidia picha kuyaacha, maana jina laahidi radi, na picha yatoa radi, na msomaji aliye mbali afikiri kwamba huko nguzo zapigwa kila jioni, kana kwamba chuma chaivuta radi toka mbinguni kama mvuvi avutavyo samaki.

Dhana hiyo ni ya uongo. Chuma chenye ncha juu ya paa hakiiti radi ya mbali. Kazi yake ni kuipa njia nzuri ile iliyokwisha kuja karibu, ili ishuke ardhini pasipo kuchoma nyumba. Nguzo za metri 6 au 8 chini ya wingu lenye urefu wa kilometri kumi ni kitu kidogo sana. Na mtu akiitazama ile picha mashuhuri kwa utulivu, ataona kwamba yenyewe yakiri jambo hili: nguzo ziko mbele, na radi yashuka nyuma, mbali nazo. Uongo haumo katika picha. Umo katika haraka ya anayeitazama.

Sheria ile, ni ya haki?

Mwingine atasema: «Basi De Maria alifanya vema kukataza picha. Mtu mwenye kamera hatazami, awinda. Akikosa radi asema siku imepotea.» Neno hili lina kweli ndani yake. Twaona hata katika harusi zetu jinsi watu wanavyoinua simu, nao hawawatazami maarusi. Mgeni asiye na kamera sharti atumie macho yake.

Lakini tuupime na upande wa pili. Wageni sita, usiku mmoja, kwa malipo, katika nchi ya mbali: ni wangapi duniani watakaofika? Sisi wengine wote, mwalimu wa Kindu, fundi wa Kalemie, hata fukara wa Amerika yenyewe, hatuna ila picha. Yule aliyekataza picha za wageni ndiye huyo huyo aliyezipeleka picha za Cliett gazetini, huku akiandika kwamba hakuna picha, wala fungu la picha, liwezalo kuonyesha kazi yake yote. Alisema kweli. Lakini baada ya kusema kweli hiyo aliruhusu picha ya radi kutembea duniani kuwa mjumbe wa Uwanja. Kwa sababu ya katazo lake, picha nyingine za kuipinga zilikuwa chache. Palipo na wapiga picha elfu, mmoja angaliileta radi, wa pili mchana mtupu, wa tatu mvua ya kawaida, nasi tungalijua. Palipo na shahidi mmoja, neno lake ndilo lililobaki.

Hukumu yangu ni hii. Cliett alifanya kazi yake vizuri. Hakuiweka radi juu ya ncha ya nguzo kwa hila ili kutufurahisha. Aliacha nguzo ziwe nyembamba na ndogo chini ya mbingu, na hivyo alionyesha kiasi cha kweli: kazi ya mtu, hata ikiwa na vyuma 400, ni kitu kidogo mbele ya wingu moja. Hiyo ndiyo nguvu ya picha, na ndiyo sababu naisifu. Upungufu ni wa walioitoa peke yake, pasipo mwenzake wa mchana, pasipo neno la muda, pasipo hesabu ya siku za kungoja.

Neno kwetu tunaokaa chini ya radi

Labda msomaji atauliza: habari ya nguzo za New Mexico yatuhusu nini? Yatuhusu sana.

Katika vijiji vyetu vingi, radi ikiua mtu au ikichoma nyumba, swali la kwanza si «imepitia wapi?» bali «nani ameituma?» Kiisha pakitafutwa mtu wa kujibu swali hilo, mara nyingi hupatikana mzee asiye na watoto, au mjane asiye na mtetezi. Watu wamefukuzwa, hata wamepigwa, kwa sababu ya swali hilo. Hapa picha nzuri ya radi yaweza kuwa msaada kuliko hotuba nyingi, mradi aeleze mtu anayejua kuisoma.

Itazameni ile mizizi meupe. Matawi mengi yameishia hewani, hayakufika popote. Kwa nini? Kwa sababu radi haishuki kwa njia moja iliyonyoka. Toka wingu yashuka kwa hatua, kila hatua kama metri 50, ikipapasa huku na huku kama kipofu anayetafuta mlango. Matawi mengine hufa njiani. Tawi moja linapokaribia nchi, vitu virefu vilivyo chini yake, mti, paa, hata mtu aliyesimama shambani, huanza kutoa cheche za kupanda kulilaki. Cheche moja ikikutana na tawi, njia imefunguka, na hapo ndipo mpigo mkubwa wenye nuru hupita. Mpaka mwisho kabisa radi ilikuwa haijapata mahali pa kupiga. Mjumbe aliyetumwa kwa mtu fulani angalikwenda moja kwa moja. Huyu alipapasa njia nzima, na ushahidi wa kupapasa kwake umeandikwa katika picha, tawi kwa tawi.

Tena zikumbukeni nguzo 400. Zimesimama tangu mwaka 1977, za chuma safi, zenye ncha kali, katika nchi tupu, na radi hupiga mahali pengine mara nyingi kuliko kuzipiga. Ikiwa vyuma 400 haviwezi kuiita radi, maneno ya bibi mzee jioni kando ya jiko yataiitaje?

Kwa wanaotaka kupiga picha

Najua kwamba vijana wengine wakisoma haya watashika simu na kupanda kilimani. Wasifanye hivyo bila akili. Mtu aliyesimama juu ya kilima pamoja na miguu mitatu ya chuma amejifanya nguzo ya 401. Ukiona mmuliko, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni karibu kilometri moja. Ukifika 30 kabla ya ngurumo, radi iko kilometri kumi. Ikipungua hapo, acha picha, ingia katika nyumba imara au gari lenye paa la chuma, wala usitoke mpaka nusu saa ipite baada ya ngurumo ya mwisho. Chini ya mti si mahali pa kukimbilia. Pikipiki si gari lenye paa. Picha nzuri za radi hupigwa wakati dhoruba iko mbali, upande wa pili wa ziwa au wa bonde, na mpiga picha yuko pakavu, ama ndani ya nyumba kupitia dirisha lililofungwa.

Na ninyi walimu, mkipata picha ya radi, ya Cliett au ya mwingine yeyote, ibandikeni ukutani darasani, maana yastahili. Lakini chini yake andikeni mistari mitatu kwa chaki. Wa kwanza: mpiga picha alisimama wapi, na radi ilikuwa mbali kiasi gani. Wa pili: radi hizi zilipiga pamoja, au moja baada ya nyingine? Wa tatu: ni siku ngapi zilizopita pasipo radi kabla ya hii kupatikana? Pale jibu lisipojulikana, acheni nafasi tupu ili watoto waione. Kisha wahesabisheni matawi yasiyofika chini.